Gurudumu la Tate

Neno lenyewe lina herufi nne tu, na ndilo lililoninyima usingizi muhula wangu wote wa kwanza wa kufundisha kule Fizi. Tour. Kabla muhula haujaisha maana yake nilikwisha kuijua, tena kwa maandishi, kwa hiyo shida haikuwa tena kujua. Shida ilikuwa hii: nikishuka Baraka, mji wetu wa ziwani, kwa likizo, niwaambie watu wa nyumbani kwamba wanaucheza mchezo wangu vibaya, au ninyamaze? Nikiwaambia, huenda bibi yangu akakaa chini asiinuke tena. Nikinyamaza, mimi mwenye diploma nitaendelea kucheza mchezo wangu mwenyewe kwa sheria iliyotoka kwa mbwa.

Mbwa nitamweleza. Kwanza mchezo.

Nilipewa na padri mmoja siku tuliyomaliza shule ya ualimu. Kwa nje ni kisanduku cha karatasi ngumu chenye picha ya lango na bendera nyingi. Ndani mna ubao wa kukunjwa, dadu moja, na kete za mbao za rangi nne. Ubao wote ni picha ya bustani ya starehe ya Ulaya, mahali watu wanapokwenda na watoto wao siku ya mapumziko kupanda mashine: farasi wa mbao wanaozunguka, magari madogo yanayogongana makusudi, nyumba ya mizimu, na katikati gurudumu refu kuliko kanisa, lenye viti vinavyoning'inia. Njia ya kete inaanzia langoni, inapita kwenye kila mashine, inaishia penye jukwaa la muziki. Chini ya kila mashine imechapwa amri yake kwa Kifaransa: songa mbele, rudi nyuma, anza upya. Karatasi ya sheria haikuwamo. Nilipomuuliza padri alisema vitu vya msaada huja hivyo hivyo, nishukuru.

Ulikuwa mchezo wangu wa tatu. Wa kwanza ulikuwa wa bata bukini, wa pili wa meli, ambao niliukata kwenye gazeti la watoto la misheni nikaubandika kwenye kadibodi. Nilikuwa nimeamua kwamba mimi ni mtu wa kukusanya michezo. Niliitunza katika sanduku la bati, kila mmoja umefungwa kwa kitambaa chake, na nilikuwa na mengi ya kuwaza: mende, unyevu wa ziwa, na kama kitambaa chenyewe hakinyonyi rangi za picha.

Basi nilipofika nyumbani Baraka, kabla ya kwenda kuanza kazi Fizi, nilikusudia kuwaonyesha mchezo ule. Kuwaonyesha, si kuucheza. Nilinawa mikono, nikatandika mkeka uani, nikafungua ubao polepole. Mdogo wangu wa kike alikuja kutoka jikoni na vidole vyake vya mawese akaugusa palepale penye farasi. Doa lipo hadi leo. Nilipiga kelele kama mtu aliyeumwa na nge, na mama akaniuliza kutoka jikoni kama huo ubao ulikuwa na jeraha.

Baba mdogo, ndugu wa baba yangu, alichuchumaa kutazama. Baba mwenyewe alikuwa akikaa zaidi Kazimia kwa biashara ya samaki, kwa hiyo nyumbani mkubwa alikuwa huyu. Alikuwa amepika miaka mingi kwa Wabelgiji kule Albertville, na kila kitu cha Ulaya alikiangalia kama mtu anayekutana na jirani wa zamani.

"Hii gurudumu inaenda wapi?" mama aliuliza, akiwa na mwiko mkononi.

"Haiendi popote, mama. Inazunguka tu."

"Na batu bako ndani?"

"Wako ndani. Wanapanda, inazunguka, wanashuka."

"Banashuka fasi gani?"

"Palepale walipopandia."

Mama alimtazama baba mdogo. "Na banalipa?"

"Banalipa, shemeji," baba mdogo alisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Mi nilikaa nao. Balipata pesa mingi, habakupata fasi ya kuenda."

Walicheka mpaka jirani yetu, mama mmoja Mwislamu ambaye ua wake umegusana na wetu, akapanda juu ya kinu chake kuchungulia. Mimi nilikuwa nasubiri wamalize kucheka ili nikunje ubao. Hawakumaliza. Waliketi. Mdogo wangu alikwisha gawa kete, na rangi moja ilikosa mtu.

"Tate atacheza," alisema.

Kwetu tate ni bibi au babu. Huyu alikuwa mama wa baba yangu, na alikuwa ameketi penye mlango wa nyumba, juu ya mkeka wake, kama alivyoketi kila siku tangu tulipomzika babu. Hakuwa mgonjwa. Aliketi tu. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na mganga wa dispensari alikuwa amemwambia mama waziwazi: huyu mzee asipotembea kila siku, magoti yatafungana, na yakishafungana mtambeba kwenda chooni mpaka siku yake ya mwisho. Kila mtu alikuwa amejaribu. Mama alimbembeleza, baba alituma ujumbe kutoka Kazimia, katekista alikuja na maneno ya Maandiko. Jibu lake lilikuwa moja.

"Mi niende wapi? Kule nilikuwa naenda, nilisha kuenda."

Tulimsogezea ubao mlangoni. Alirusha dadu kama mtu anayetupa ganda la karanga, na mdogo wangu akamsukumia kete. Raundi chache zikapita. Halafu kete ya tate ikatua penye gurudumu kubwa, na chini ya gurudumu palikuwa pameandikwa maneno mawili tu: UN TOUR.

Wote waligeuka kunitazama. Mimi ndiye msomi.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Shuleni neno tour tulilisikia kila asubuhi: ni tour ya nani kufagia? Maana yake zamu. Lakini zamu moja ya nini? Ya kuongezwa au ya kupunguzwa? Ukipanda gurudumu umepata starehe, kwa hiyo labda unapewa zamu nyingine. Ama umekaa juu unazungushwa, kwa hiyo wenzako wanakupita. Nilisema, "Ngojeni kidogo." Nilisema inategemea kitenzi kilichofichika. Nilianza kueleza kitenzi kilichofichika ni nini.

"Diplome," baba mdogo alinikata. Tangu nirudi alikuwa akiniita hivyo. "Hii neno iko nyepesi. Tour ni kuzunguka nyumba."

"Baba mudogo, hapana."

"Unaniambia hapana mimi? Madame wangu wa Albertville, kila magaribi akiisha kula, alikuwa anasema, *on va faire un tour*. Mara moja imbwa yake inasimama penye mulango. Banatoka, banazunguka nyumba, banarudi. Kila siku! Hata imbwa ilijua tour ni nini. We Diplome hujui?"

Jirani alicheka nusura aanguke kutoka kwenye kinu.

"Hiyo ni *faire un tour*, kwenda kutembea!" nilisema. "Hapa hakuna *faire*! Mnaona *faire* hapa?"

Hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Tate alikuwa akitazama picha ya gurudumu. "Basi mi nasimama?" aliuliza.

"Muchezo ndiyo inasema," alijibu baba mdogo.

Tate aliweka mkono mmoja juu ya bega la mdogo wangu, mwingine kwenye mwimo wa mlango, akasimama. Mama alibaki na mwiko hewani. Mimi, naomba msomaji anielewe, bado nilikuwa nikisema, "Si hivyo, si hivyo jamani, huo ni uongo wa sarufi," mpaka mama aliponitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kutazamwa nalo tangu utotoni. Tate alipita upande wa jikoni, akapita penye chanja la kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwa, akapotea nyuma ya nyumba. Tulisikia sauti ya jirani kutoka upande wa pili:

"Mama mukubwa! Unaenda wapi na ile mwendo?"

"Niko mu gurudumu!" tate alijibu. "Usinisimamishe!"

Tangu siku hiyo walicheza kila jioni. Baba mdogo alimchongea tate fimbo. Mimi nilihesabika kuwa mkorofi. Niliwaomba wanawe mikono; walinawa, kisha wakala karanga. Kete ya buluu ilipotea, wakaweka punje ya haragi, yaani haragwe, na nilipolalamika kwamba mchezo usio kamili hauna thamani kwa mtu anayekusanya, mdogo wangu aliniuliza ninamkusanyia nani. Nilipopanda kamio, lori la mizigo, kwenda Fizi walikataa niuchukue.

"Tate yuko mu safari," baba mdogo alisema. "Utamukamatia njiani?"

Kwa hiyo Fizi nilikwenda na mchezo wa bata na wa meli, na ubao wangu mzuri kuliko yote ukabaki chini kwenye mawese. Kule juu kuna baridi, na jioni mwalimu mgeni hana pa kwenda. Nililiwaza lile neno. Nilitafuta kamusi ya shule. Ilinipa maana nyingi mno, hata mnara, ambao sikuwa nimeufikiria, nikaongeza na mnara katika mashaka yangu. Mwishowe, nikipanga kabati la mkuu wa shule, nilikuta mchezo kama wangu, kisanduku kilekile, umetoka bila shaka kwenye msaada uleule. Ndani mlikuwa na karatasi ya sheria. *La grande roue: le joueur attend un tour.* Gurudumu kubwa: mchezaji anangoja zamu moja.

Nilikuwa sahihi. Karibu sahihi. Nilifurahi kwa muda wa kufunga kabati, kisha wasiwasi ukaanza, ule niliousema mwanzoni. Nilijipa moyo kwamba mtu mzima anaweza kujua jambo na kulinyamazia. Nilijifanyia mazoezi ya kunyamaza nikiwa njiani, juu ya magunia ya muhogo, kamio ikishuka kuelekea ziwani. Nilipofika nyumbani, baba mdogo alikuwa wa kwanza kutoka.

"Diplome! Umeisha kujifunza tour kwa wale batoto bako, ama nikutafutie imbwa?"

Nikasema. Sikumaliza hata kunywa maji. Niliwasomea sentensi yote kwa Kifaransa, nikawatafsiria, nikawaambia nimeiona kwa macho yangu katika karatasi iliyochapwa Ulaya. Nilitegemea ubishi. Nilikuwa tayari kwa ubishi; nilikuwa na hoja tatu zaidi. Lakini baba mdogo alikuna kidevu.

"Imechapwa?"

"Imechapwa."

"Basi imeisha. Kama maandishi inasema, inasema."

Ndivyo tu. Mtu aliyenibishia juu ya kila kitu maishani mwangu alikubali siku hiyo, kwa neno moja. Walicheza jioni ile kwa sheria yangu. Tate alikuwa na mwendo mzuri wakati huo, uvimbe ulikuwa umepungua, kifundo cha mguu kilionekana tena. Kete yake ilitua penye gurudumu. Alikwisha shika fimbo.

"Hapana, tate," mdogo wangu alisema. "Sasa unangoja."

"Nangoja nini?"

"Zamu ipite."

Tate alirudisha fimbo chini. "Aa. Kungoja." Alitutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu. "Kungoja mi najua. Haikuwa na lazima unitolee muchezo Ulaya ya kunifundisha kungoja."

Mchezo uliendelea kidogo ukafa wenyewe. Mdogo wangu alikunja ubao kwa uangalifu, akafuta kete kwa khanga, akaweka kila kitu ndani ya kisanduku. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mchezo wangu ukitunzwa nilivyotaka, na sikuupenda ule utunzaji hata kidogo.

Nilirudi Fizi. Nilipokuja tena, kisanduku kilikuwa palepale juu ya ukingo wa ukuta, kimeshika vumbi. Fimbo ya tate ilikuwa imetiwa kwenye chanja la ndagala kuwa mti wa katikati. Tate alikuwa mlangoni juu ya mkeka, miguu imenyooshwa mbele yake, na ile mifupa ya kifundo haikuonekana tena.

"Tate," nilimwambia, nikichuchumaa, "si unaweza kuzunguka tu? Hata bila mchezo?"

"Bila gurudumu?" Aliniangalia kwa huruma. "Mi niko mwendawazimu, ya kuzunguka nyumba bure? Batu baseme nini?"

Nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimwambia tucheze kama zamani, tusahau karatasi.

"Hapana, Diplome. Ulileta sheria."

"Basi naiondoa."

"Unaiondoa na nini? Na mudomo? Mudomo ni ya kwangu ile, nilisema na mudomo, ukanishinda na maandishi." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonikera zaidi: alikuwa akinieleza kwa upole, kama mwalimu. "Kitu imeandikwa, inangoja maandishi ingine."

Nilitoka nikatembea mpaka ufukweni nikarudi. Nilikasirika na baba mdogo kwa kushindwa kirahisi, nikamkasirikia padri kwa kutoa sanduku lisilo na karatasi, na mkuu wa shule kwa kuwa nayo. Nilikasirikia Kifaransa, lugha ya watu wenye maneno mengi ambao bado wanatumia neno moja kwa zamu, mzunguko na mnara. Waliponicheka nilikuwa na makosa. Walipokubali nilikuwa na makosa makubwa zaidi. Sasa walikuwa wakiniambia nifanye kitu ambacho mtu anayekusanya hafanyi kabisa: kuandika juu ya mchezo wake.

Nilichukua kisanduku nikakaa nacho chumbani. Nilifikiria kalamu ya risasi: inafutika, ubao ungebaki mzima. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ukiandika na risasi, baba mudogo atakataa," alisema. "Atasema ile si sheria, ile ni shauri."

Nilifikiria kuandika kwenye karatasi na kuibandika, halafu baadaye niibandue. Lakini gundi huacha alama. Nilifikiria kubadilisha na ule wa kabati la mkuu wa shule, huo mchafu niuweke huko, msafi niulete. Niliona jinsi wazo lilivyokuwa la wizi, na hata hivyo lilikaa nami muda mrefu kuliko inavyofaa. Nilifikiria kwamba si mchezo uliompa tate nafuu, kwamba pengine uvimbe ulipungua kwa ajili ya dawa ya dispensari. Pengine. Nilifikiria kwamba akizunguka anaweza kuanguka, na hapo itakuwa mimi niliyeandika.

Kutoka mlangoni pa nje nilimsikia tate akimwita mama amsaidie kugeuka upande. Si kusimama. Kugeuka.

Nilifungua chupa ya wino wa shule. Nilichovya kalamu nikadondosha tone kwenye nyumba ya mizimu kabla sijaanza, na baada ya hapo ikawa rahisi. Chini ya UN TOUR niliandika kwa herufi kubwa, kwa mwandiko ninaowaandikia watoto ubaoni: ZUNGUKA NYUMBA. Nafasi ilikuwa ndogo, MBA ikapanda juu ya kiti kimoja cha gurudumu na kumfunika Mzungu aliyekuwa amekaa ndani. Nilinyunyiza majivu makavu ya jikoni, nikapuliza. Nikautoa ubao nje uani, nikautandaza mbele ya tate bila kunawa mikono.

"Soma," nilimwambia baba mdogo.

Alisoma kwa sauti, akapitisha kidole juu ya wino, akakitazama kama kimechafuka. Hakikuchafuka. "Imeandikwa," alisema. "Leteni dadu."

Tate alirusha. Hakutua penye gurudumu. Akarusha tena zamu yake ilipofika, akatua kwenye magari ya kugongana. Nilikuwa nikihesabu nafasi zilizobaki mbele yake, nikaona sasa amebakiza nafasi chache sana, akilipita gurudumu basi yote haya ni bure, na sikuona nilichokuwa ninarusha mwenyewe mpaka mdogo wangu alipopiga makofi. Kete yangu, ile punje ya haragi, ilikuwa juu ya wino.

"Mimi siwezi," nilisema. "Nimevaa viatu vya kazi. Nyuma kuna matope."

"Diplome," alisema baba mdogo. "Hata imbwa."

Nilisimama, nikakunja suruali. Nilikuwa nimefika penye kona ya jikoni niliposikia sauti ya tate nyuma yangu, inamgombeza mtu.

"Ile fimbo yangu, muitoe kwa ndagala. Mi namusindikiza. Huyu atazunguka akiwaza, atapotea."

Nikasimama hapo kwenye matope, nikamngoja.